Minyoo Walao Mifupa Vilindini na Kazi ya Kuwatambulisha

Meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari za dunia baina ya mwaka 1872 na 1876 ikipima vina na kukokota nyavu zake juu ya sakafu ya bahari kuu, ilipandisha kutoka vilindini, mahali ambapo tope hutuama polepole kupita kiasi cha fahamu zetu, meno ya papa kwa wingi na vijifupa vigumu mno vya masikio ya nyangumi; lakini mafuvu, mbavu na pingili za mgongo za nyangumi hao hao, ambazo kwa ukubwa wake zingestahiki kuonekana kwanza, zilikuwa adimu. Wataalamu wa zama zile walilifasiri jambo hilo kwa kusema kwamba maji ya kina kirefu huuyeyusha mfupa wa kawaida na kuuacha ule ulioshikamana zaidi, na kauli yao haikuwa ya uongo. Walakini haikuwa timilifu, kwani katika hesabu yao hakuwamo mlaji mmoja ambaye hapana mwanadamu aliyemjua mpaka mwezi wa Februari mwaka 2002.

Mwezi huo watafiti wa taasisi ya bahari iliyo katika Ghuba ya Monterey, jimbo la California, wakiongozwa na Robert Vrijenhoek, mtaalamu wa urithi wa viumbe, walikuwa wamekwenda katika korongo kubwa lililo chini ya maji ya ghuba hiyo kutafuta makombe ya vilindini. Na chombo chao kisichopakia mtu, kiitwacho Tiburon, kikiongozwa kwa kebo kutoka meli ya Western Flyer, kilikuwa kimekwisha kushuka karibu mita 2,890, penye kiza kisichofikiwa na jua asilani, wakati taa zake zilipoufunua mzoga wa nyangumi wa kijivu ambao hapana aliyeutazamia. Juu ya mifupa yake walisimama minyoo wekundu wasiohesabika, wamesongamana bega kwa bega, wakiyumba kwa mkondo wa maji na kujirudisha ndani ya vijirija vyao walipoguswa. Mkono wa chuma wa chombo kile uliokota vipande vya mfupa pamoja na wakazi wake, vikapandishwa melini, na hapo ikaanza kazi ambayo mpaka leo haijakwisha.

Mtu akikitia kipande cha mfupa kama huo katika bakuli la maji ya bahari yaliyopozwa na kukiinamia kwa hadubini, ataona kwanza ile sehemu tu ambayo mnyoo ameridhia kuionesha, nayo ni tamvua nne zenye vijinyuzi pembeni, ambazo ndizo pumzi yake. Na wekundu wake ni wekundu wa damu hasa, kwa kuwa himoglobini iliyomo ni ya ukoo mmoja na ile ibebayo hewa katika miili yetu. Baina ya tamvua hizo hupita mrija wa kutolea mayai, na chini yake kiko kiwiliwili chembamba kilichovikwa ala ya ute. Hapo minyoo wengine wangekuwa wamekwisha, lakini huyu hakwishi hapo, maana mpasuaji akiuvunja mfupa kidogo kidogo kwa ncha ya chuma, kwa subira nyingi kwa sababu nyama iliyomo ni laini na hukatika kwa kuguswa, atakuta kwamba mnyoo amejipanda mfupani mithili ya mche: kifuko cha mayai kimezama ndani, na kutoka kifukoni imetambaa mizizi ya rangi ya kijani, ikichepuka huku na huku katika uwazi ambao imejichimbia yenyewe. Hapana mdomo, hapana tumbo, hapana utumbo wala tundu la kutokea uchafu. Ni kiumbe alaye mojawapo ya vitu vigumu kabisa vilivyomo mwilini mwa mnyama, naye hana hata jino moja.

Jinsi anavyokula lilikuwa suala la kwanza kuwashughulisha wataalamu, na jawabu lake limekuja kwa mafungu. Ngozi ya mizizi ina vimeng'enya vinavyosukuma asidi nje, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kwamba ni kwa asidi hiyo mnyoo huyu huuyeyusha mfupa, kwa njia ile ile inayotumiwa na chembe za miili yetu wenyewe zinapoubomoa mfupa wa zamani ili mpya ujengwe. Sehemu ya madini ikikwisha kuyeyuka, hubaki kolajeni na mafuta, nayo hufyonzwa. Ndani ya chembe za mizizi, fauka ya hayo, wamo bakteria ambao mnyoo hakuwarithi kwa mama yake bali huwapata katika maji au tope la mahali anapotua. Na nadharia ya mwanzo ilikuwa kwamba wao ndio wapishi na mnyoo ni mwenye nyumba tu. Leo wengi wanaona kwamba mnyoo mwenyewe ana vimeng'enya tele vya kuvunja kolajeni, na kwamba bakteria hugeuza chakula hicho kuwa kile ambacho mnyoo hawezi kujitengenezea, kisha wao wenyewe huliwa. Nami naiona rai hii ya pili kuwa na nguvu zaidi, ingawa mgawanyo wa kazi baina ya mwenyeji na mgeni haujapimwa kwa spishi nyingi, na si haki kuwahukumu wote kwa habari za wawili watatu.

Suala la pili lilikuwa la ajabu kuliko hilo. Minyoo wote waliotolewa mfupani walikuwa majike. Ilipotazamwa ala ya ute ya jike mmoja mmoja ndipo walipoonekana madume, wa kuonekana kwa hadubini tu, wamejipanga kando ya mrija wa mayai, kwa wengine mmoja au wachache na kwa wengine zaidi ya mia ndani ya ala moja. Dume huyo ana umbo la mtoto asiyekua. Ndani yake mna akiba ya kiini cha yai alilotoka na mna manii, na aushi yake yote hali kitu kingine. Dhana iliyo karibu na akili, na ambayo inafanana na yajulikanayo juu ya minyoo wengine wa bahari, ni kwamba kiluwiluwi kikiangukia mfupani huota mizizi kikawa jike, na kikiangukia juu ya jike huwa dume. Na ukifikiri jinsi mzoga mmoja ulivyo mbali na mwenziwe katika upana wa bahari, utaona kwamba kiumbe mwenye kumwaga mayai kwa mamia kila siku, na mwenye waume wake karibu naye daima, amejiandalia dawa ya upweke huo. Hata hivyo kanuni hii nayo ina mkaidi wake, kwani mwaka 2015 ilitambulishwa spishi iitwayo Osedax priapus, ambayo madume wake si vibete, wana mizizi yao wenyewe mfupani, na mwili wao hurefuka mpaka ukawafikia majike walio jirani.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda, yaani juu ya neno hili la kutambulisha, kwa sababu wasomaji wengi hudhani kwamba spishi mpya hupatikana siku ile inapoonekana. Kutoka Februari 2002 mpaka Julai 2004, Greg Rouse, bingwa wa minyoo ya bahari, pamoja na Shana Goffredi na Vrijenhoek, walikuwa wakipasua, wakichora, wakisoma vinasaba na kulinganisha, kabla ya kuchapisha katika jarida la Science makala yao iliyoanzisha jenasi Osedax, jina la Kilatini lenye maana ya mla mifupa kwa ulafi, na ndani yake spishi mbili: Osedax rubiplumus, mwenye tamvua nyekundu, na Osedax frankpressi, aliyepewa jina la mwanasayansi wa Marekani Frank Press. Sheria ya kazi hii inatokana na desturi iliyotiwa nanga na Linnaeus wa Sweden katika kitabu chake cha mwaka 1758, na inataka jina la maneno mawili, maelezo ambayo mtu mwingine aweza kuyatumia kumpambanua kiumbe huyo na jamaa zake, uchapishaji ulio wazi kwa umma, na zaidi ya yote inataka mnyama mmoja ateuliwe awe shahidi, ahifadhiwe katika makumbusho, ili kila atakayekuja baadaye na shaka yake aweze kwenda kumtazama kwa macho. Bila ya shahidi huyo, jina halina pa kushika.

Tena kumtambulisha kiumbe ni kumpatia ukoo, na ukoo wa mnyoo huyu ulikuwa umewasumbua wataalamu karibu karne nzima. Mwaka 1914 Mfaransa Maurice Caullery alieleza habari za kinyoo chembamba kama uzi, kisicho na utumbo, kilichopatikana na meli ya Waholanzi iitwayo Siboga katika bahari za Indonesia mwaka 1899 na 1900. Na kwa kuwa hakuna aliyejua pa kukiweka, viumbe wa namna yake wakafanyiwa kabila kuu la peke yao katika daftari la wanyama. Mwaka 1977 zikagunduliwa karibu na visiwa vya Galapagos chemchemi za moto za chini ya bahari, na kandokando yake minyoo wakubwa wa mirija, nao kwa muda wakapewa kabila kuu jingine. Uchunguzi wa vinasaba ndio uliokuja kubatilisha utukufu huo wote, ukawarudisha hao wote katika kundi la minyoo wa pingili, walimo nyungunyungu wa mashambani mwetu, wakawa familia moja tu iitwayo Siboglinidae. Osedax alipotokea, mlango wa nyumba yake ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Kama angeokotwa mwaka 1950, naamini angezusha vurugu kubwa kuliko waliomtangulia, kwa kuwa jike lenye mizizi na dume lisilokua, vyote kwa pamoja, vingemtoa katika kila safu iliyokuwapo.

Baada ya California zikafuata habari kutoka pande nyingine za dunia, na zilizofuata karibu zilikuwa na faida ya pekee kwa kuwa hazikutoka kina cha kutisha. Wataalamu wa Sweden na Uingereza walizamisha mzoga wa nyangumi mdogo katika pwani ya magharibi ya Sweden, mita 125 tu chini ya maji, na mwaka 2005 wakatambulisha kutoka mifupa yake Osedax mucofloris, ambaye jina lake humfananisha na ua la kamasi kwa ajili ya ute mwingi unaomzunguka. Huko Japani, mwaka 2002, kundi la nyangumi wa jinsi ile itoayo ambari lilikwama pwani ya kusini ya kisiwa cha Kyushu, na mizoga kumi na miwili ikavutwa na kuzamishwa katika kina cha mita mia mbili na zaidi. Huko akapatikana Osedax japonicus, aliyetambulishwa mwaka 2006. Watu wa pwani yetu wanaijua ambari tangu kale, na al-Masudi, aliyesafiri bahari hii katika karne ya kumi, ameitaja ambari ya nchi ya Wazenji. Lakini katika karne zote hizo nyangumi alifahamika kwa kile kilichotupwa ufukweni, na kile kilichozama hakuna aliyekiulizia.

Monterey kwenyewe mambo yalizidi kukunjuka. Watafiti walianza kuzivuta maiti za nyangumi waliokufa pwani na kuzizamisha kwa makusudi katika vina mbalimbali, kutoka mita mia kadhaa mpaka karibu elfu mbili, kisha wakarudi kila mara kutazama. Na kila kina kilitoa sura mpya. Mwaka 2009 Vrijenhoek, Shannon Johnson na Rouse walitangaza kwamba vinasaba vinaonesha nasaba kumi na saba zilizo mbalimbali, na kati ya hizo kumi na mbili hazikuwa na jina. Zilikuwa na lakabu tu za maabarani, kola ya manjano, kola ya machungwa, na nyingine za namna hiyo, na katika lakabu hizo zikaishi miaka mingi, zikitajwa katika makala za ulaji, za uzazi na za mageuko ya viumbe, ilhali kwa mujibu wa sheria ya majina hazikuwako duniani. Mwaka 2018 ndipo Rouse na wenzake walipochapisha kwa mkupuo mmoja maelezo ya spishi mpya kumi na nne, na jumla ya zilizotambulishwa rasmi duniani ikapita ishirini. Majina waliyoyatoa yanapendeza kuyasoma: iko Osedax westernflyer na Osedax tiburon, kwa heshima ya meli na chombo, iko Osedax docricketts, kumkumbuka Ed Ricketts, mwanabiolojia wa Monterey na rafiki wa mwandishi John Steinbeck, na iko Osedax packardorum, kwa jamaa ya Packard, waliotoa mali yao kuisimamisha taasisi ile.

Kwa nini kazi hiyo ikachelewa? Si kwa uvivu. Kwanza, mnyoo huyu hutambulikana kwa sehemu zake zilizo dhaifu, na ni nadra kumtoa mzima pamoja na mizizi yake. Pili, rangi iliyompa lakabu, ile kola ya manjano au ya machungwa, hufifia akitiwa katika spiriti, na baada ya miaka michache chupa mbili za spishi mbili huonekana kuwa na kitu kimoja kilichopauka. Tatu, dume, ambaye kwa wanyama wengi hutoa dalili nzuri za kupambanua, hapa ni kiini cha yai na manii tu. Kwa sababu hizo wataalamu wameegemea sana vinasaba, hasa kipande kimoja kijulikanacho cha urithi utokao kwa mama, ambacho hutofautiana kidogo ndani ya spishi moja na sana baina ya spishi na spishi. Wako wanaolalamika kwamba hii ni kuigeuza elimu ya viumbe kuwa elimu ya hesabu, na kwamba spishi isiyoweza kupambanuliwa kwa jicho haina haki ya jina. Mimi siafikiani nao, maana jicho letu halikuumbwa kuwa kipimo cha tofauti za viumbe wengine, na minyoo wawili wasiozaliana kwa mamilioni ya miaka ni wawili hata kama sisi tunawaona mmoja. Lakini nakubaliana nao katika jambo moja, kwamba maelezo ya mwili hayana badala. Vinasaba hutuambia kwamba hawa ni wawili. Havituambii mmoja huchimba mizizi mifupi katika uso wa mfupa na mwingine hupenya ndani, wala kwamba mmoja huwahi mzoga ungali mbichi na mwingine huja wa mwisho, na bila ya habari hizo hatutafahamu namna gani jamaa hao wote wanavyogawana karamu katika korongo moja.

Swali jingine lililowagawa wataalamu ni la umri wao, nalo linakwenda sambamba na swali la chakula. Kwa kuwa walionekana kwanza juu ya nyangumi, iliaminiwa kwamba ni minyoo ya nyangumi, na kwamba walitokea pamoja nao. Saa ya vinasaba, yaani hesabu ya kukisia muda kwa wingi wa tofauti za urithi, ilitoa majawabu mawili yaliyo mbalimbali kwa kadiri ya kiwango kilichochaguliwa: yamkini miaka milioni 45, wakati nyangumi wa mwanzo walipokuwa wakiingia baharini, au miaka milioni 130, wakati nyangumi hawajafikiriwa bado na bahari zikitawaliwa na mijusi wakubwa waogeleao. Majaribio yalianza kuipa nguvu rai ya pili. Mifupa ya ng'ombe iliyoteremshwa Monterey ilishambuliwa bila ya kusita. Mwaka 2011 ikathibitika kwamba hata mifupa ya samaki huliwa. Na mwaka 2019 mamba wa Marekani waliozamishwa kwa makusudi katika Ghuba ya Meksiko waliwapokea minyoo hao pia. Kisha wakaja mashahidi wa mawe. Mwaka 2010 vitundu vyenye umbo la mizizi ya Osedax vilitambuliwa katika visukuku vya mifupa ya nyangumi wa miaka milioni 30 kutoka jimbo la Washington, na mwaka 2015 Silvia Danise na Nicholas Higgs walionesha vitundu vya namna hiyo katika mfupa wa plesiosa, mjusi wa bahari mwenye shingo ndefu, aliyekufa miaka ipatayo milioni 100 iliyopita, na pia katika mifupa ya kasa wa kale. Mfupa huo wa plesiosa ulitokea Uingereza na ulikuwa umehifadhiwa makumbushoni, na watafiti waliupitisha katika mashine ya miale ili waone uwazi wa ndani bila ya kuuvunja. Kwa maoni yangu hujja imekamilika: mnyoo huyu ni mkongwe kuliko nyangumi, alivuka maangamizi yaliyowafuta mijusi hao, akaishi, kwa dhahiri, kwa mifupa ya kasa na samaki, mpaka Mungu alipomletea karamu kubwa zaidi. Na jambo hili linawahusu pia wachimbaji wa visukuku, kwani mlaji aliyefanya kazi miaka milioni 100 bila shaka amefuta kurasa nyingi za historia ya wanyama wa bahari kabla sisi hatujazisoma.

Nyangumi, hata hivyo, ndiye mfalme wa mizoga, na ni lazima kufahamu anachokileta vilindini ili kuithamini hasara iliyopatikana. Tangu mwaka 1987, wakati Craig Smith na wenzake walipoona katika bonde la Santa Catalina la California, kina cha mita 1,240, mifupa ya nyangumi iliyozungukwa na makombe na bakteria, imejulikana kwamba mzoga mmoja ni nchi nzima: kwanza huja papa wa vilindini na samaki wasio na taya kula nyama; kisha minyoo na kaa wadogo kulitafuta tope lililonona; kisha mafuta yaliyomo mifupani, ambayo kwa nyangumi wa tani 40 yaweza kufika tani mbili au tatu, huoza polepole na kutoa gesi ya salfa inayolisha viumbe kwa miongo ya miaka. Osedax hufanya makazi yake katikati ya mambo hayo, na kwa kuutoboa mfupa huharakisha mwisho wa karamu ambayo wengine wangeila kwa muda mrefu zaidi. Sasa katika karne ya ishirini binadamu aliwaua nyangumi wakubwa karibu milioni tatu, akawatoa majini na kuwapika mafuta, na kila mmoja wao ni mzoga ambao haukuzama. Smith ameeleza mara nyingi hofu yake kwamba viumbe waliotegemea mizoga hiyo huenda walitoweka kabla ya kuonekana na mtu, na sioni jinsi ya kuikanusha hofu hiyo. Orodha ya spishi tunayoiandika leo ni orodha ya walionusurika.

Bahari yetu imo katika habari hii. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, tume ya kimataifa ya nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi isiyowindwa nyangumi kibiashara, na kila mwaka, tangu Julai mpaka miezi ya vuli, nyangumi wa nundu hupita karibu na pwani za Kenya na Tanzania wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa. Wanaopita ndio pia wanaokufa, na wanaokufa huzama. Kati ya spishi zote nilizozitaja katika uchambuzi huu hapana hata moja iliyotolewa katika pwani ya Afrika Mashariki, na naona ni wajibu wetu kulijaza pengo hilo kwa mikono yetu wenyewe, kwa kuwa jambo lenyewe halihitaji chombo cha thamani kama Tiburon. Wasweden walipata spishi yao katika mita 125. Wavuvi wa Tanga hutega majarife ya papa katika vina vilivyo karibu na hicho, na ni majarife hayo hayo yaliyompandisha silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka pamoja na mijusi wakubwa mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hatimaye, mwaka 2009, ikaanzishwa hifadhi yake ya bahari huko huko Tanga. Mlango ulifunguliwa na wavuvi, na wataalamu waliingia nyuma yao.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wanafunzi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, wenzao wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Mombasa, na kila chuo cha pwani chenye mashua na kamba, wachukue mifupa ya mapaja ya ng'ombe kutoka machinjioni, waifunge katika tundu la chuma lenye nanga na boya, waiteremshe katika mkondo wa Pemba kwa kushauriana na wavuvi wanaoujua mkondo huo, na waiache mwaka mzima. Itakapopandishwa, itazamwe na kupigwa picha ikiwa mibichi, kabla rangi hazijapotea. Kipande kimoja kitiwe katika spiriti kwa ajili ya vinasaba na kingine kihifadhiwe kwa ajili ya maumbile. Viandikwe mahali, kina na tarehe. Na akipatikana mnyoo mwenye mizizi, shahidi wake abakizwe katika makumbusho ya hapa kwetu, na jina la nahodha na la mvuvi aliyeipandisha mifupa yaandikwe katika makala pamoja na jina la mtaalamu.